Je, Naseem Hamed alikuwa bondia mkali kweli, au mbwembwe tu?

*"Kocha, mimi ni mama wa kijana wa miaka 15, tunaishi mtaa wa Jerusalem hapa Nairobi. Kaka yangu amemjaza mwanangu video za Prince Naseem Hamed, yule Mwingereza mwenye asili ya Yemeni aliyekuwa bingwa wa uzani wa unyoya miaka ya 1990. Anasema katika uzani huo hajatokea mwingine kama yeye: mapambano 37, ameshinda 36. Jirani yetu aliyewahi kupigana ndondi anacheka. Anasema yule alikuwa mbwembwe tupu, na siku alipokutana na bondia wa kweli, Marco Antonio Barrera, akaumbuliwa. Nimelitazama pambano la Barrera mara mbili usiku watoto wamelala na sikuona maajabu yoyote. Sasa mwanangu anaenda mazoezini mikono ameishusha kiunoni, kidevu juu, eti ndivyo Naseem alivyofanya. Huyu mtu alikuwa mzuri kiasi gani hasa? Na je, nimwache kijana amwige?"*

Dada yangu, nimefurahi kwamba kabla ya kuniuliza ulikaa ukatazama pambano zima mwenyewe. Wengi wanaobishana kuhusu Naseem hawajaona hata raundi moja kamili. Wameona vipande vya sekunde 20 vilivyochaguliwa na mtu aliyekwisha kuamua upande. Na nikikuelewa vizuri, kinachokusumbua si historia tu. Unataka kujua kama mtu anayefuatwa na mwanao anafaa kufuatwa.

Nianze na kaka yako na jirani yako. Naona wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana Naseem wa mwaka wake. Kaka yako yuko 1995. Jirani yako yuko 2001. Katika miaka hiyo 6 yule bondia alibadilika, na wewe kwa bahati mbaya umeanza kumtazama pale mwisho.

Kwanza zile hesabu. Ni kweli alipigana mara 37, akashinda 36, na 31 kati ya hizo hazikufika kengele ya mwisho. Lakini rekodi ya bondia wa kulipwa haisomwi kama jedwali la ligi. Kwenye ligi kila timu hukutana na kila timu, upende usipende. Kwenye ndondi za kulipwa, promota na meneja hukaa mezani wakachagua mpinzani, tarehe, ukumbi, hata uzani. Willie Pep wa Marekani alipoteza mara 11, na bado wengi wetu tunamhesabu miongoni mwa bora kabisa waliowahi kupigana uzani wa unyoya, kwa sababu alishinda zaidi ya mara 220. Salvador Sánchez wa Mexico alipoteza mara 1 tu kama Naseem, lakini kwenye orodha ya aliowashinda wamo Wilfredo Gómez na Azumah Nelson. Ile 1 ya Sánchez na hii 1 ya Naseem hazina thamani sawa.

Kwa hiyo mimi husoma majina, na kwa kila jina najiuliza mpinzani alikuwa nani siku ile, wala si alikuwa nani enzi zake. Steve Robinson, aliyenyang'anywa mkanda wa WBO (moja ya mashirika yanayotoa ubingwa wa dunia, kama IBF, WBC na WBA) Septemba 1995, alikuwa ameutetea mara 7 na alikuwa kwao Cardiff, mbele ya watu wake. Naseem alikuwa na miaka 21 na ndio kwanza anapanda kutoka uzani wa chini. Alimchezea kama mtu anayemfundisha mtoto, mpaka refa akasimamisha pambano raundi ya 8. Februari 1997 akakutana na Tom Johnson, bingwa wa IBF tangu 1993 aliyekuwa ametetea mkanda mara 11, naye pia hakuvuka raundi ya 8. Kwa maoni yangu huo ndio ushindi wake mkubwa kuliko yote, na hauonyeshwi sana kwenye hizo video fupi kwa sababu hauna vituko vingi.

Baada ya hapo orodha inahitaji jicho la karibu. Wilfredo Vázquez wa Puerto Rico alikuwa bingwa katika uzani tatu tofauti, lakini walipokutana 1998 alikuwa ameshapita miaka 35. Vuyani Bungu wa Afrika Kusini, aliyepigwa raundi ya 4 mwaka 2000, alikuwa bingwa imara aliyetetea mkanda wake mara 13, lakini mara zote hizo alikuwa uzani wa chini yake. Kevin Kelley alikuwa bingwa wa zamani wa WBC. Wayne McCullough alikuwa na medali ya fedha ya Olimpiki ya 1992 na kidevu cha chuma, wakaenda raundi zote 12. César Soto alinyang'anywa mkanda wa WBC 1999 katika pambano baya, lenye kukumbatiana na kusukumana, hata Naseem akakatwa pointi kwa kumbwaga mwenzake kama mwanamieleka. Ukijumlisha, aliwashinda waliokuwa na mikanda ya WBO, IBF na WBC, na Vázquez ambaye alikuwa ametoka tu kuuacha ule wa WBA. Ni wachache wanaofikisha hayo. Lakini Wamexico wawili wakali wa enzi hizo hawamo: Erik Morales, na Juan Manuel Márquez, ambaye kwa muda mrefu alikuwa ndiye mgombea wa lazima wa mkanda wa WBO, yaani ambaye bingwa alitakiwa kupigana naye. Mabishano ya nani alimkwepa nani nawaachia mapromota. Mimi naona tu kwamba majina hayo mawili hayapo, na ndiyo ningetaka kuyaona kuliko yote.

Sasa tuingie kwenye ngumi yenyewe, maana hapa ndipo jirani yako anapokosea kabisa.

Nguvu ya ngumi haitoki mkononi. Inaanzia kwenye unyayo unaosukuma sakafu, inapanda kwenye paja, nyonga inazunguka, bega linafuata, na mkono ni kituo cha mwisho tu. Naseem alikuwa na nyonga na mapaja ya ajabu kwa mtu wa kilo 57. Alisimama miguu ikiwa imepanuka, akibadilisha shoto na kulia katikati ya shambulio, na ngumi zake zilitokea chini karibu na paja, mahali ambapo mpinzani hatazami. Hilo la kutotazama ni muhimu kuliko uzito. Ngumi ukiiona inakuja, shingo inakaza yenyewe, kidevu kinaingia ndani, mwili unajiandaa. Usipoiona, shingo imelegea, kichwa kinazungushwa ghafla, na ubongo unatikisika ndani ya fuvu. Ndiyo maana kwenye video unaona mtu anaanguka kwa ngumi ambayo hata haionekani nzito. Tena wengi walioanguka vile walikuwa mabingwa waliozoea kupigwa.

Na ile mikono ya chini? Ilikuwa chambo. Ukikiona kidevu wazi, mkono wako unataka kwenda. Unarusha, yeye anajikunja nyuma kuanzia kiunoni, ngumi yako inapita upana wa vidole viwili mbele ya pua yake, nawe umebaki umeinama mbele, uzito wote kwenye mguu mmoja. Hapo ndipo apakati yake, ngumi ya kutoka chini kwenda juu, inapokupata. Ni mtego mzuri sana, lakini una bei: mtu anayejikunja nyuma hana gadi, hana hatua, na kidevu chake kiko hewani. Kilichomwokoa ni miguu iliyorudi chini ya mwili wake kabla mpinzani hajatupa ngumi ya pili.

Fanya hivi. Tafuta lile pambano la Robinson, zima sauti, kisha funika nusu ya juu ya skrini ya simu kwa kiganja. Tazama miguu tu, raundi 2 zinatosha. Halafu weka la Barrera ulitazame vilevile. Mimi nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda. Kwenye la Robinson utaona miguu inaenda pembeni, inarudi, inajipanga upya kila baada ya ngumi, haivukani. Kwenye la Barrera utaona miguu iliyogandishwa sakafuni, kisha mruko mmoja mkubwa kwenda mbele, kisha mtu anayeyumba akitafuta pa kushika. Juu, pale ulipofunika, mikono iko chini kwenye mapambano yote mawili.

Miguu ile ilijengwa. Naseem aliingia kwenye jimu ya Brendan Ingle, kule Wincobank mjini Sheffield, akiwa mtoto wa miaka 7. Jimu ile ilijulikana kwa mistari iliyochorwa sakafuni. Watoto waliifuata mistari hiyo mbele, nyuma na pembeni, wakibadilisha mguu wa mbele, siku baada ya siku, kabla ya kuruhusiwa kujifanya mabingwa. Sparingi zao, yaani mapambano ya mazoezi, nyingi zilikuwa za mwili tu, kichwa hakiguswi, kwa hiyo walijifunza kukwepa bila kuumia. Haya hayamo kwenye video za kaka yako. Mwanao anaiona mikono iliyoshuka, haioni ile miaka ya kutembea juu ya mistari.

Naseem na Ingle walifarakana mwaka 1998, kazi yao ya mwisho pamoja ikiwa lile pambano la McCullough. Baadaye alifanya kazi na makocha wengine, akiwemo Emanuel Steward wa Detroit, mmoja wa makocha wakubwa waliowahi kuishi. Ningependa kukuambia kwamba kuachana huko ndiko kulikomharibu, ingekuwa hadithi tamu, lakini haitakuwa haki. Dalili zilikuwepo mapema. Juni 1996 kule Newcastle, Daniel Alicea alimwangusha raundi ya 1, ingawa Naseem alimaliza kazi raundi iliyofuata. Desemba 1997 ndani ya Madison Square Garden, yeye na Kelley waliangushana mara 3 kwa 3 ndani ya raundi 4, na akashinda. Watu walirudi nyumbani wakiimba jina lake. Kocha akitazama pambano lile anaona mtu anayepatikana kirahisi, anayeokolewa na ngumi yake. Kila ngumi ilipomwokoa, aliona haja ndogo zaidi ya kuitumia miguu. Hivyo ndivyo kipaji kikubwa kinavyomla mwenyewe.

Tukifika Las Vegas, tarehe 7 Aprili 2001, Barrera alikuwa amesoma kila kitu. Alikuwa anajulikana kama mtu wa vita, wa kusimama katikati mkabadilishana ngumi, na Naseem nadhani alimtegemea huyo. Aliyekuja ni mtu mwingine. Kidevu kifuani, gadi juu, akizunguka kwenda kushoto kwake, yaani mbali na mkono wa kushoto wa Naseem ulio hatari. Jabu, kisha ngumi ya kupinda ya kushoto, kisha anaondoka. Ile chambo ya kidevu kilicho wazi hakuimeza. Raundi ya 1 tu alimgonga kwa hiyo ngumi ya kushoto mpaka Naseem akababaika, na toka hapo tulikuwa tunamtazama mtu anayetafuta ngumi moja ya kumaliza mambo kwa raundi 11. Raundi ya 12 Barrera alimshika kwa nyuma akamsukuma kichwa kwenye nguzo ya kona, akakatwa pointi, na bado akashinda: majaji wawili 115 kwa 112, wa tatu 116 kwa 111.

Kwa hiyo neno la jirani yako, "kuumbuliwa", halinikai sawa. Naseem hakuanguka, hakukata tamaa, alimaliza raundi 12 dhidi ya mmoja wa mabondia bora wa kizazi chake. Kilichofichuka ni kwamba hakuwa na mpango wa pili. Mlango wake mmoja ulipofungwa, aliendelea kuugonga uleule usiku kucha.

Hapa ndipo namkumbuka Azumah Nelson wa Ghana, na ningependa mwanao amtazame huyu pia. Mwaka 1982 alichukua pambano la ubingwa na Salvador Sánchez kwa taarifa ya wiki chache tu, New York, akiwa hajulikani nje ya kwao. Alipigwa raundi ya 15. Miaka 2 baadaye alikwenda Puerto Rico, nyumbani kwa Wilfredo Gómez, akamwangusha raundi ya 11 na kubeba mkanda wa WBC wa uzani wa unyoya. Baadaye, akiwa amepanda uzani, alitoka sare na Jeff Fenech mwaka 1991 usiku ambao wengi waliona Fenech alikuwa ameshinda. Mwaka uliofuata alimfuata kwao Australia, mjini Melbourne, akamsimamisha raundi ya 8. Azumah ana vichapo 6. Vile vya kwanza ukivitazama unaona mtu aliyerudi na kitu kipya.

Naseem alirudi mara 1 tu, Mei 2002 London, akamshinda Manuel Calvo kwa pointi katika pambano baridi, watazamaji wakazomea. Alikuwa na miaka 28. Mikono yake ilikuwa imeumia mara nyingi, na hakupigana tena. Simlaumu hata kidogo kwa kuondoka. Paul Ingle, ambaye Naseem alimsimamisha 1999 na ambaye baadaye alikuwa bingwa wa IBF, alipigwa raundi ya 12 kule Sheffield Desemba 2000, akapasuliwa kuondolewa damu iliyoganda kwenye ubongo, na hakupigana tena. Anayeacha mapema akiwa na akili zake timamu ameshinda kitu. Ila wewe umeniuliza ubora, na ubora wa juu kabisa unahitaji ushahidi ambao Naseem hakutuachia.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama mpigaji, ni miongoni mwa wazito wa mkono wa kweli waliowahi kupita uzani wa unyoya, na kaka yako asikubali kuambiwa ilikuwa maigizo. Kati ya 1995 na 1997 bingwa yeyote wa wakati wake angepata taabu naye. Kuingizwa kwake kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa Ndondi wa Kimataifa mwaka 2015 ni haki. Lakini simweki pamoja na Sánchez, Pep, Sandy Saddler wala Azumah. Nadhani Sánchez, kwa utulivu wake na miguu yake, angemfanyia alichofanyiwa na Barrera, hata yule Naseem wa Cardiff. Wa Cardiff angemsumbua zaidi, hilo tu.

Nikuongezee jambo, kwa kuwa tuko nyumbani. Philip Waruinge, kijana wetu wa uzani huohuo, alirudi na shaba kutoka Mexico City 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Hana dhahabu ya Olimpiki. Lakini ile 1968 ndiye aliyepewa Kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano yote, akiwapita waliovaa dhahabu. Kila nikisikia mtu anahukumu bondia kwa medali au kwa hesabu ya vichapo, huyo ndiye ninayemtaja.

Sasa kijana. Usimkataze Naseem, utamfanya ajifiche kumtazama. Lakini mikono ipande, na ipande leo. Miaka michache iliyopita, kwenye ukumbi wa Kaloleni, nilikuwa na kijana mwepesi sana aliyeshusha mikono namna hiyo. Nilimwambia, akacheka. Jumamosi moja akajikunja nyuma dhidi ya mwenzake mtulivu, ngumi ya kwanza ikapita, ya pili ikamkuta kisigino kimekwama kwenye turubai iliyojikunja. Hakupoteza fahamu, lakini alikaa kwenye benchi ameshikilia kinga yake ya meno mkononi akaniuliza mara tatu ni siku gani. Hakuingia sparingi mwezi mzima, na mimi sikulala vizuri wiki ile.

Wakimpa nafasi ya kucheza, acheze kwenye miguu. Chora mistari miwili ya chaki uani, upana wa mabega, afanye hatua za mbele na pembeni bila miguu kuvukana, dakika 3 kila mkupuo. Sparingi ya mwili tu ni nzuri kwa umri wake. Na asijaribu kupunguza uzani kwa kujinyima maji au kukimbia amevaa jaketi la plastiki. Mwili uliokauka hauvumilii pigo la kichwa.

Kuna mambo ambayo siwezi kuyaona nikiwa hapa. Nenda jimu anayofanya mazoezi siku ya sparingi, keti, tazama. Kocha anasimamisha wakati mtoto amechoka, au anaacha waendelee kwa sababu watu wanashangilia? Wanapangwa kwa uzito na uzoefu, au anayepatikana ndiye huyohuyo? Kuna kinga za kichwa na meno? Ukiona majibu hayakuridhishi, muhamishe, jimu ni nyingi Eastlands. Na kabla ya shindano lolote daktari amwone. Akipigwa kichwani kisha akalalamika kichwa kinauma na maumivu yanazidi, akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akachanganyikiwa, au mboni ya jicho moja ikawa kubwa kuliko ya pili, usingoje asubuhi wala usimpe dawa ya maumivu ukamlaza. Mpeleke hospitali usiku huohuo, na asiguse ulingo mpaka daktari aruhusu.

Lile zoezi la kufunika skrini ukilifanya, usilifanye peke yako usiku. Mwite na mwanao, mkalie simu moja, kiganja kiwe chake. Usimwambie cha kutafuta. Mwulize tu, raundi ya 2 ikiisha, kama ameona miguu ya Cardiff na ya Las Vegas ni ya mtu mmoja, kisha unitumie alichokujibu.